Kuwafundisha mabinti kuchunguza wanyama kama Jane Goodall

Nafundisha biolojia hapa Kigoma, na somo hili hulianzia nje ya darasa. Mpe kila binti daftari na penseli. Wino huchuruzika ukilowa. Wakae kimya, mbali kidogo na ngedere au ndege, dakika 30, bila kuwarushia chakula. Waandike saa, mahali na kile mnyama anachofanya. Asiandike "amekasirika", aandike "ameonyesha meno".

Mnyama anayeonekana mara kwa mara apewe jina. Jane, Mwingereza aliyekuja kuchunguza sokwe, alifika Gombe, hifadhi ya wanyama hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960, akiwa na miaka 26 na bila shahada. Aliwapa sokwe majina, wasomi wakamlaumu. Lakini Jane alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa, na sokwe wakipukutisha majani ya vijiti ili vifae. Wataalamu waliamini binadamu peke yake ndiye hutengeneza zana! Kwenye kisa hiki mimi hukawia sana, nawaambia wanangu: haya yalitokea kando ya ziwa letu hili, akayaona mwanamke mwenye darubini na subira. Shahada ya udaktari (PhD) ya Chuo Kikuu cha Cambridge aliipata baadaye.

Kesho yake wasomeane madaftari. Wakitofautiana usiwaamulie, warudishe palepale wakaangalie tena.