Somo: CV moja haivuki mipaka yote. Namna ya kuandaa wasifu wa kuombea kazi nje ya nchi

Picha ya pasipoti kwenye kona ya CV inaweza kukuharibia maombi Marekani kabla sifa zako hazijasomwa. Picha hiyo hiyo ikikosekana Japani, maombi yanaonekana hayajakamilika. Sifa zako ni zile zile. Anayebadilika ni msomaji, na kila msomaji ana mazoea yake kuhusu kipi kiwepo, kipi kisiwepo na kikae wapi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

Hatua ya 1: Andaa faili mama

Usianze na CV. Anza na faili moja refu ambalo hutamtumia mtu yeyote. Kwa kila kazi uliyofanya, weka jina rasmi la mwajiri, cheo kama kilivyo kwenye mkataba, mwezi na mwaka wa kuanza, mwezi na mwaka wa kumaliza, watu uliowasimamia, mitambo au programu ulizotumia, na matokeo yanayohesabika. Kwa kila cheti, weka jina la chuo, tarehe, alama ya mwisho na kipimo chake. Ongeza wadhamini na mawasiliano yao. Kisha kila nchi utaikatia toleo lake kutoka humo.

Wengi huiruka hatua hii, na hapo ndipo matatizo yanapoanza: toleo la Ujerumani linasema kazi iliisha Machi, la Uingereza linasema Mei, na barua ya utumishi inasema Aprili. Mwajiri akilinganisha, tofauti ya mwezi mmoja ataisoma kama udanganyifu.

Hatua ya 2: Jina, tarehe, simu, karatasi

Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Japani, Korea, China na Hungaria hutanguliza jina la ukoo, hivyo andika hilo kwa herufi kubwa ili lijulikane popote lilipo. Kama una majina matatu na hakuna la ukoo, chagua lile ambalo pasipoti yako inalihesabu kuwa la ukoo na ushikilie hilo hilo kwenye kila fomu.

03/04/2022 ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza na tarehe 4 Machi kwa Mmarekani. Andika mwezi kwa maneno na tatizo limekwisha. Simu ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, kisha ondoa sifuri ya mwanzo. Sifuri ikibaki, mara nyingi simu haiunganishi.

Karatasi wengi hawaifikirii kabisa. Marekani na Kanada hutumia saizi ya Letter, milimita 216 kwa 279. Nchi nyingine nyingi hutumia A4, 210 kwa 297. A4 ni ndefu kwa milimita 18, kwa hiyo CV ya ukurasa mmoja uliojaa ikichapishwa kwenye Letter, ama maandishi yanabanwa ama mistari ya mwisho inaangukia ukurasa wa pili. Badilisha saizi ndani ya programu ya kuandikia kabla ya kutengeneza PDF, si baada ya hapo.

Hatua ya 3: Taarifa binafsi, zipi zikae na zipi zitoke

Marekani, Kanada, Uingereza na Australia: ondoa picha, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Sababu yake ni ya kisheria. Marekani ina Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na sheria ya 1967 inayowalinda wafanyakazi wenye miaka 40 na zaidi; Uingereza ina Sheria ya Usawa ya 2010. Afisa ajira akishaona umri au dini yako, kampuni inaweza kutuhumiwa kwamba ilikuacha kwa sababu hiyo, ndiyo maana baadhi yao huona heri kutokujua. Jina, simu, baruapepe na mji unaoishi vinatosha.

Nchi za Ghuba ni kinyume. Uraia, tarehe ya kuzaliwa, picha, aina ya viza uliyonayo na muda wa notisi kwa mwajiri wako wa sasa ni mambo ya kawaida juu kabisa ya CV, kwa sababu mwajiri anapiga hesabu ya viza tangu mwanzo. Kama una leseni ya udereva, taja imetolewa nchi gani.

Ufaransa: ukurasa mmoja kwa asiye na uzoefu mrefu, picha ni hiari, na barua ya maombi bado ina uzito.

Korea Kusini ilirekebisha sheria yake mwaka 2019: waajiri wenye wafanyakazi 30 na zaidi hawaruhusiwi kudai urefu, uzito, mahali ulipozaliwa, hali ya ndoa wala mali, kama hayahusiani na kazi. Ukikutana na fomu ya zamani yenye visanduku hivyo, viache wazi.

Hatua ya 4: Jua tangazo linataka nyaraka gani

Marekani, "resume" ni muhtasari wa ukurasa mmoja, au miwili kwa mwenye uzoefu wa miaka mingi. Neno "CV" huko lina maana nyingine: waraka mrefu wa wanataaluma wenye machapisho na makongamano yote. Uingereza, CV ni hii ya kawaida, kurasa mbili za A4. Australia hawashtuki wakiona kurasa tatu, na kazi za serikali mara nyingi huomba waraka wa ziada unaojibu vigezo vya tangazo kimoja kimoja. Usipojibu vigezo hivyo, CV nzuri peke yake haikufikishi kwenye usaili.

Ujerumani wanataka bahasha nzima: barua ya maombi, Lebenslauf (yaani CV ya Kijerumani), na vyeti, vyote kwenye PDF moja kwa mpangilio huo. Lebenslauf huandikwa kwa safu mbili, tarehe kushoto na maelezo kulia, mwezi na mwaka kwa kila kipengele. Mwishoni kwa desturi huwekwa mahali, tarehe na saini. Picha ilikuwa lazima kimazoea. Tangu sheria ya usawa ya AGG ya mwaka 2006 mwajiri hapaswi kuidai, ingawa waombaji wengi bado huiweka. Ukiiweka, iwe ya studio, si uliyojipiga kwa simu.

Kinachowakwamisha wageni zaidi Ujerumani ni Arbeitszeugnis, barua ya tathmini ambayo mfanyakazi wa huko ana haki kisheria kuidai anapoondoka kazini. Lugha yake ina msimbo. "Stets zu unserer vollsten Zufriedenheit" (daima alituridhisha kikamilifu kabisa) ni alama ya juu kabisa, ilhali "zu unserer vollen Zufriedenheit" (alituridhisha kikamilifu), inayosikika kama sifa nzuri, ni ya wastani tu. Kama nchi uliyofanya kazi haina utaratibu huo, omba kila mwajiri barua ya utumishi yenye tarehe, cheo na majukumu, kisha itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Barua isemayo tu kwamba ulikuwa mtu mwema haitasaidia.

Japani wanataka nyaraka mbili. Ya kwanza ni rirekisho, fomu yenye visanduku vilivyopangwa. Hapa mpangilio unageuka: la zamani linatangulia, la karibuni linafuata. Elimu kwanza, kisha kazi. Kazi unayoendelea nayo huhitimishwa kwa "genzai ni itaru", yaani hadi sasa. Uliyoacha kwa hiari huandikwa "isshinjo no tsugo ni yori taishoku", kwa sababu binafsi, bila maelezo zaidi. Mstari wa mwisho, upande wa kulia, huandikwa "ijo", kuonyesha orodha imeishia hapo. Ukiusahau, atakayesoma ataona hujui fomu.

Picha ni sentimita 4 kwa 3, iliyopigwa ndani ya miezi mitatu. Kama unabandika, andika jina lako nyuma yake. Miaka inaweza kuwa ya kimataifa au ya enzi za Kijapani, zinazohesabiwa kwa utawala wa kila mfalme, lakini usichanganye. Kwa enzi ya Reiwa toa 2018: mwaka 2024 ni Reiwa 6. Kwa Heisei toa 1988: mwaka 2010 ni Heisei 22. Mwaka 2019 umegawanyika, Heisei 31 hadi Aprili 30 na Reiwa 1 kuanzia Mei 1. Wizara ya kazi ya Japani ilitoa kielelezo kipya mwaka 2021: jinsia ni hiari, na visanduku vya mwenzi, wategemezi na muda wa safari ya kwenda kazini vimeondolewa. Tumia hicho, mwajiri asipotoa fomu yake.

Waraka wa pili ni shokumu keirekisho, kurasa mbili au tatu za kompyuta. Humo ndimo unapoeleza ulichofanya kwa namba. Anayeomba kwa uzoefu wa kazi akatuma rirekisho peke yake ametuma mifupa bila nyama.

Hatua ya 5: Alama za masomo

Alama 4.0 Marekani ndiyo kilele cha kawaida cha GPA, yaani wastani wa alama za masomo. Alama 4.0 Ujerumani ni ya mwisho kabisa ya kufaulu, kwa sababu huko 1.0 ndiyo bora. Asilimia 72 Uingereza ni daraja la kwanza. Mmarekani akiiona atadhani uliponea chupuchupu. Kwa hiyo usiandike namba peke yake. Andika "4.1 kati ya 5.0, kiwango cha kufaulu 2.0".

Vyuo vya Ujerumani hutumia kanuni hii: chukua alama ya juu kabisa, toa alama yako, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya kufaulu, zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1. Kwa mfano wetu: 5.0 kutoa 4.1 ni 0.9, gawanya kwa 3.0 ni 0.3, mara 3 ni 0.9, jumlisha 1, jibu 1.9. Ni alama nzuri. Iweke baada ya alama halisi, usiifute halisi. Kwa taaluma zinazodhibitiwa kama uuguzi na ualimu, hesabu yako haitoshi; unahitaji utambuzi rasmi wa vyeti.

Hatua ya 6: Sauti ya maandishi

Kwa Kiingereza cha Marekani na Uingereza, ondoa "mimi" na uanze na kitenzi: uliongoza nini, ukapunguza nini, kwa kiasi gani, kwa muda gani. "Nilihusika na ghala" haisemi kitu. "Kusimamia ghala lenye bidhaa 1,200 na watu 6, na kupunguza upotevu kutoka asilimia 4 hadi 1.5 kwa mwaka mmoja" inasema. Japani namba hizo hizo zitaje pamoja na timu, maana kujitwalia ushindi peke yako kunawachukiza. Lugha zipime kwa ngazi za A1 hadi C2 barani Ulaya, na N5 hadi N1 kwa Kijapani. "Naongea vizuri" si kipimo.

Hatua ya 7: Jaribu faili kabla ya kutuma

Kampuni kubwa hupitisha maombi kwenye programu ya kuchuja. Fungua PDF yako, nakili maandishi yote, yabandike kwenye faili tupu la maandishi. Kama tarehe zimetawanyika au simu haionekani, programu nayo inaweza kuona hivyo hivyo. Wahalifu wa kawaida ni majedwali, visanduku vya maandishi, na mawasiliano yaliyowekwa kwenye kijajuu cha ukurasa. CV iliyoskaniwa ni picha tu. Isipopitishwa kwenye programu ya kutambua herufi, haina neno hata moja la kusomwa.

Maswali ya wanachama

Mkuu, shukrani kwa somo. Nina pengo la miezi 14 nilipokuwa namuuguza mzazi. Nilifiche?

Pole sana, ndugu. Usilifiche. Ujerumani pengo linalozidi miezi miwili au mitatu huulizwa, hivyo weka mstari mmoja wenye tarehe: kumhudumia mwanafamilia. Uingereza na Marekani mstari huo huo unafaa, usitaje ugonjwa. Kuficha kwa kuandika miaka bila miezi hufahamika haraka.

Wadhamini niwaandike mwishoni kama tulivyozoea?

Marekani na Uingereza, hapana. Wataombwa baadaye, na hata ule mstari wa "watapatikana wakihitajika" unakula nafasi bure. Australia, ndiyo, wawili wenye cheo na simu. Waombe ruhusa kwanza, na uwaambie watapigiwa kutoka nchi gani na kwa saa zipi.

Europass inanirahisishia. Naweza kuitumia kila mahali?

Ni kiolezo cha CV cha Umoja wa Ulaya. Ni bure, na inafaa kwa maombi ya taasisi za Umoja huo, ufadhili wa masomo, na matangazo yanayoitaja kwa jina. Kampuni binafsi nyingi huiona ndefu, na CV zake zote zinafanana. Nje ya Ulaya iache.

Sina kibali cha kazi bado. Niandike au ninyamaze?

Ghuba andika wazi. Marekani si lazima kwenye waraka wenyewe, ila fomu ya mtandaoni itakuuliza kama una ruhusa ya kufanya kazi na kama utahitaji kudhaminiwa viza. Jibu kweli. Jibu la uongo hapo linaweza kukufukuzisha kazi hata baada ya kuajiriwa.

Dada yangu ameambiwa na wakala atume nakala ya pasipoti pamoja na CV, na ada ya kuisajili. Ni kawaida?

Asitume chochote, mkuu. Namba ya pasipoti haina kazi kwenye CV. Huombwa kazi ikishapatikana na mkataba ukishaonekana. Kuhusu ada, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hamtozi mfanyakazi. Amtafute mwajiri kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe na aulize kama nafasi hiyo ipo.

Rirekisho niandike kwa mkono?

Kampuni nyingi, hasa za kigeni na za teknolojia, hupokea ya kompyuta. Tangazo likisema kwa mkono, tumia kalamu nyeusi isiyofutika. Ukikosea herufi moja, chukua fomu mpya uanze upya. Wino mweupe wa kufutia haukubaliki. Nunua fomu kadhaa, si moja.