SOMO: Zahanati ijengwe wapi? Soma hapa kabla ya kunitumia ujumbe

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara sita swali lile lile: "Kijiji kimechangishana, zahanati tuiweke wapi?" Naandika mara moja tu.

1. Orodhesha vitongoji na idadi ya watu. Daftari la wakazi lipo kwa mtendaji.

2. Viweke kwenye ramani pamoja na zahanati za jirani. QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, ni ya bure; barabara chukua OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Huna kompyuta, chora kwenye manila.

3. Pima umbali. Hapa ndipo nilipochemka. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichora duara la kilomita 5 kuzunguka kiwanja, vitongoji vyote vikaingia ndani, nikapongezwa. Ikaja masika, korongo likajaa. Kitongoji kilichokuwa kilomita 3 kwenye ramani yangu kikawa kinazungukia darajani, kilomita 11. Kina mama wakarudi kujifungulia nyumbani.
ONYO: duara ni la ndege, mgonjwa anapita njiani. Itembee njia mwenyewe, tena Aprili, siyo Agosti. Waulize bodaboda mvua ikinyesha wanapita wapi na nauli inapanda hadi ngapi. Hiyo nauli usiipuuze, mimi naiamini kuliko ramani yangu.

4. Linganisha viwanja viwili vitatu. Usitazame wastani peke yake, mtazame na anayetoka mbali kuliko wote.

5. Hakikisha kiwanja kina maji, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliokipitisha uwe na sahihi. Kiwanja cha bure kilichopakana na shamba la mkubwa aliyekitoa, kiulizwe mara mbili.

MASWALI

Kijana wa Kata: Mkuu sijasoma yote. Tuna ekari 3 karibu na ofisi ya kijiji, tujenge tu?
– Soma namba 3.

Kijana wa Kata: Si useme ndiyo au hapana! MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi) ya 2007 ilishasema kila kijiji zahanati, mahesabu ya nini?
– Kila kijiji, sawa. Haikusema ng'ambo ipi ya korongo.

Nesi wa Bondeni: Namba 4 sijaielewa. Wastani ukiwa mdogo si ndiyo wengi wamenufaika?
– Umeuliza la maana, dada. Chukua barabara moja: kitongoji A watu 1,000, B, kilomita 4 mbele, watu 300, C, kilomita 9 kutoka A, watu 100. Ukijenga A, wastani ni kama kilomita 1.5, ripoti inapendeza, ila wale 100 wanatembea 9. Ukijenga B, wastani unafika 3.2 lakini hakuna anayezidi 5. Mimi ningekwenda B. Ila watu wa A ndio wengi mkutanoni, kwa hiyo nenda na hesabu hizi mkononi.

Fundi Bomba: Na vituo vya maji?
– Sera ya Maji ya 2002 ilisema: kisizidi mita 400 kutoka nyumba ya mbali, watu 250 kwa kituo. Mlima uhesabu pia, ndoo iko kichwani.

Nesi wa Bondeni: Asante kaka. Sisi kitongoji cha ng'ambo tunakipelekea huduma ya mkoba kila mwezi, chini ya mwembe. Chanjo na kupima watoto.
– Hata kile kitongoji changu cha ng'ambo ya korongo kiliokolewa na mkoba. Mizani mnaining'iniza wapi?

Nesi wa Bondeni: Tawini. Chagueni tawi nene, la kwanza lilitukatikia, bahati mtoto alikuwa bado hajawekwa.