Jinsi ya kumwombea mfungwa mzee au mgonjwa apunguziwe kifungo katika magereza ya shirikisho Marekani

Aliyehukumiwa na mahakama ya shirikisho kwa kosa alilotenda kuanzia tarehe 1 Novemba 1987 hana paroli ya kuomba, yaani kuachiliwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha. Mzee au mgonjwa wa namna hiyo huiomba mahakama impunguzie kifungo kwa sababu za huruma. Waliofungwa na majimbo hufuata sheria za majimbo yao, kwa hiyo ndugu wahakikishe kwanza ni mahakama ipi iliyotoa hukumu.

Kwa vigezo vilivyoanza kutumika Novemba 2023, mwenye ugonjwa unaoelekea kifo, kama saratani iliyosambaa mwilini, halazimiki kuonyesha amebakiza muda gani wa kuishi. Mwenye miaka 65 au zaidi anafikiriwa iwapo uzee umemdhoofisha vibaya naye ametumikia angalau miaka 10 au asilimia 75 ya kifungo, kipindi chochote kitakachotangulia.

Hatua ya kwanza ni barua kwa mkuu wa gereza, ambayo ndugu pia anaweza kuiandika kwa niaba ya mfungwa. Ieleze hali yake, kisha itaje atakaa wapi, atajikimu vipi, atatibiwa wapi na nani atalipia. Binafsi ningeitolea jasho zaidi sehemu hii ya pili, kwa kuwa maneno "familia itamtunza" hayamwambii msomaji kama nyumba ina ngazi asizoweza kuzipanda wala nani atakayeshinda naye mchana.

Uthibitisho wa siku barua ilipopokelewa utunzwe vizuri, kwani siku 30 huhesabiwa kuanzia hapo. Zikipita, au rufaa za ndani ya idara ya magereza zikimalizika mapema zaidi, mfungwa anaweza kupeleka ombi mwenyewe katika mahakama iliyomhukumu. Kabla ya Desemba 2018 ni mkurugenzi wa idara hiyo pekee aliyeweza kulipeleka.

Ombi la mahakamani liambatane na barua ya awali, kumbukumbu za matibabu za karibuni na barua ya atakayempokea. Jaji hupima pia uzito wa kosa na usalama wa jamii, hivyo hata aliyetimiza vigezo anaweza kukataliwa.

Daktari akithibitisha ugonjwa unaoelekea kifo, idara inapaswa kuwaarifu wakili na familia ndani ya saa 72, kumsaidia mgonjwa kuandika ombi akitaka, na kulishughulikia ndani ya siku 14 baada ya kulipokea.