Kupanga sakiti na soketi za mfumo wa muziki, hasa ethi kwenye miamba ya Mwanza

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia jirani anayejenga Mabatini, Mwanza, ambaye spika zake katika nyumba ya zamani zilikuwa zikivuma hata muziki ulipozimwa. Unamfaa zaidi mtu ambaye kuta zake bado hazijapigwa plasta. Mpango ni wako, lakini kuunganisha nyaya mwachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Hatua ya kwanza: orodhesha vifaa na wati zake. Amplifaya ya wati 400, sabufa ya 300, televisheni ya 120 na king'amuzi cha 20 hufanya jumla ya wati 840, ambazo ukizigawa kwa volti 230 hazifiki ampea 4. Sakiti moja, yaani njia moja ya nyaya yenye breka yake, inatosha kabisa.

Hatua ya pili: sakiti hiyo iwe ya muziki peke yake, yenye waya wa milimita 2.5 za mraba na breka ya ampea 20, bila friji wala pampu ya maji, kwa kuwa mota inapowaka na kuzima hutia mikwaruzo kwenye spika. Weka soketi pacha tatu mahali pamoja, nyuma ya kabati la televisheni. Ekstensheni siikubali hata kidogo katika nyumba mpya.

Hatua ya tatu ni ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na hapa ndipo muda mwingi hupotea. Katika vilima vya Mwanza, fimbo ya ethi mara nyingi hugonga jiwe kabla haijazama nusu, na baadhi ya mafundi huikata kipande kilichobaki juu kisha wakafukia. Usikubali jambo hilo. Tafuta mfuko wa udongo kati ya mawe, hata kama uko mbali kidogo na nyumba. Ukikosa, chimba mtaro na ulaze utepe wa shaba, au tumia fimbo kadhaa zilizounganishwa, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja. Chumvi ambayo wengi huimwaga shimoni husombwa na mvua na kuila shaba. Fundi apime kwa mita maalumu ya ethi, wala si kwa mita ya kawaida, na apime wakati wa kiangazi, mwezi wa Julai kwa mfano, kwa sababu udongo wenye maji ya masika hutoa majibu ya kupendeza yasiyodumu. Ukinzani, yaani jinsi ardhi inavyozuia umeme kupita, ukizidi omu 200 ethi hiyo haitegemeki. Hata ikiwa nzuri, lazima kuwe na breka ya miliampea 30 inayohisi umeme unaovuja.

Mvumo, hata hivyo, mara nyingi hausababishwi na ethi dhaifu bali na ethi mbili. Mlingoti wa dishi ukiwa umesimikwa ardhini, waya wa dishi huleta ethi ya pili hadi kwenye king'amuzi, na tofauti ndogo ya volti kati ya ethi hizo hupitisha umeme kwenye nyaya za sauti, nawe unasikia mvumo wa hezi 50. Wapo watakaokushauri uchimbie amplifaya fimbo yake, au ukate pini ya ethi kwenye plagi. Ushauri wa kwanza ni hatari kwa radi, ambazo ukanda huu wa Ziwa Victoria unazo nyingi mno. Wa pili unaweza kumuua mtu anayegusa kasha la amplifaya. Unganisha mlingoti na ethi kuu ya nyumba kwa waya mnene, basi.

Hatua ya nne: nyaya za spika zipite kwenye bomba lake, sentimita 30 mbali na za umeme, na zinapolazimika kukutana zipishane kwa pembe mraba.

Hatua ya mwisho ni kujaribu. Washa amplifaya peke yake, ongeza sauti, sikiliza. Kisha unganisha kifaa kimojakimoja, waya wa dishi ukiwa wa mwisho. Kifaa kitakacholeta mvumo ndicho cha kukaguliwa ethi yake.