Kabla ya kuhamia fleti ya katikati ya jiji, kagua vya pamoja

Dalali akikupeleka kuona fleti Upanga, Kariakoo au Ilala, atakufungulia sebule, atakuonyesha makabati ya jikoni na marumaru zinazong'aa. Vitazame, ila visikuamulie. Maisha ya ghorofani yanategemea zaidi vitu ambavyo si vya mtu mmoja: matangi, pampu, ngazi, paa, mahali pa taka. Hivyo ndivyo vya kukagua kabla hujatoa kodi ya miezi sita.

Anza na maji. Katika majengo mengi ya katikati ya Dar es Salaam, maji ya DAWASA huingia kwenye tangi la chini, pampu ikayapandisha kwenye simtanki za juu ya paa, ndipo yashuke bombani kwako. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa muda mrefu nawe unakosa maji, hata kama mtaani yanatoka. Kuna swali ambalo wapangaji wapya hulisahau: LUKU ya pampu ananunua nani? Mara nyingi pampu ina mita yake, na lazima awepo mtu wa kukusanya michango na kuweka umeme. Uniti zikiisha Jumapili usiku na mhusika kasafiri, jengo zima linaamka na ndoo mkononi. Uliza mchango ni kiasi gani kwa mwezi, nani anaushika, na asiyelipa anafanywaje. Mlinzi atakueleza vizuri kuliko dalali. Uliza na ukubwa wa tangi la chini, na lini lilisafishwa mara ya mwisho. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, waliokuwa na akiba ya kutosha waliendelea kupika na kufua, wengine wakawa wateja wa maboza.

Mita ya fleti yenyewe iwe ya kwako peke yako. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na anayeweka umeme ni mpangaji. Mwenye nyumba atakurudishiaje hela hiyo? Iandikwe kwenye mkataba.

Halafu nenda ukaione tena fleti saa tisa alasiri. Asubuhi kila nyumba ina baridi. Fungua madirisha ya pande zote mbili, usimame katikati, usikie kama upepo unapita. Fleti nyingi za zamani za Upanga, zile za ghorofa tatu nne, zina madirisha yanayopitisha hewa na miti inayoweka kivuli. Mimi naziona bora kuliko majengo mapya ya vioo ambayo bila kiyoyozi hayakaliki Januari, na bili ya kiyoyozi hailipwi na aliyechora ramani.

Jikoni, sahau mkaa. Moshi wa barazani kwako unaingia chumbani kwa jirani wa juu. Utatumia gesi au umeme, kwa hiyo hesabu ngazi utakazopanda na mtungi wa kilo 15 siku lifti imekufa.

Taka ndiyo sehemu ambayo majirani wanaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Sehemu kubwa ya taka za majumbani Dar ni mabaki ya vyakula, na gari likizizoa safari yake ni dampo la Pugu Kinyamwezi. Mkitenga maganda na mabaki ya mboga kwenye ndoo yenye matundu, mkachanganya na majani makavu, baada ya miezi michache mna mbolea ya kukuza mchicha juu ya paa. Chupa za plastiki zina wenyewe wanaozikusanya na kuziuza. Wawekeeni kando, safi, wasilazimike kuchakura jalala. Jengo zima si lazima likubali siku ya kwanza. Kaya mbili za ngazi moja zinatosha kuanza.

Usalama usiupite haraka. Geti la ngazi likifungwa kufuli usiku, nani ana ufunguo? Vizimamoto vipo, na havijaisha muda? Namba ya Zimamoto ni 114. Tazama pia kama kuna uchimbaji au ukuta unaobomolewa chini ili kupanua maduka. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, hilo ni swali la haki kabisa kumuuliza mwenye jengo.

Ukiwa unanunua, dai kuona hati ya sehemu yako chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, na uulize umoja wa wamiliki unakutana lini na hesabu zake anaonyeshwa nani. Umoja usiokutana hautakarabati lifti.

Mwisho, watu. Jengo likifiwa, turubai linafungwa wapi? Watoto wanacheza wapi? Kuna saa za kutwanga na za muziki? Wapo wazee wanaokaa juu wasioweza kushuka bila lifti, na nani anawapandishia maji? Usiwaulize kwa simu. Nenda Jumamosi jioni, kaa kidogo hapo chini na mlinzi, wasalimie wanaopita. Ukishahamia, peleka utambulisho wako serikali ya mtaa, kisha gonga milango ya ngazi yako, uchukue namba za majirani nao wachukue yako.