Namna ya Kuziepuka na Kuziondoa Programu za Matangazo Zinazojipenyeza kwenye Kompyuta

Anayepakua programu ya bure ya kuchezea video au kufungulia mafaili mara nyingi hupewa, ndani ya faili lilo hilo la kusakinishia, upau wa zana wa kivinjari au programu ya matangazo ambayo hakuiomba. Msambazaji hulipwa kwa kila kompyuta inayopokea mzigo huo wa ziada, na kwa kuwa mtumiaji ndiye aliyebofya kitufe cha kukubali, husemwa kwamba ameridhia mwenyewe. Ridhaa ya namna hiyo mimi siitambui. Kwa miaka kadhaa Java ya kampuni ya Oracle, programu ambayo programu nyingine huihitaji ili zifanye kazi, iliingia pamoja na upau wa mtambo wa kutafuta wa Ask kwa yeyote ambaye hakuiondoa tiki aliyoikuta imekwisha kuwekwa, na mwaka 2013 watengenezaji wa GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, waliacha kutumia tovuti ya kupakulia programu ya SourceForge kusambazia programu yao ya Windows, wakilalamikia pamoja na mengine matangazo yaliyojifanya vitufe vya kupakulia.

Pakua programu kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Ukikuta ukurasa wenye vitufe vitatu vikubwa vya "Download", usibofye kwanza. Weka kishale cha kipanya juu ya kila kimoja, kisha usome anwani inayojitokeza chini ya kivinjari, kwani kitufe cha tangazo kwa kawaida huelekeza kwenye tovuti nyingine kabisa.

Hatari kubwa imo katika dakika mbili za kusakinisha, na hapo ndipo haraka hutuponza. Chagua "Custom" au "Advanced", hata kama "Express" imeandikwa kuwa ndiyo inayopendekezwa, kwa sababu njia hiyo ya haraka huficha vile viboksi vyenye tiki. Soma kila dirisha kabla ya kubofya "Next". Kitufe cha "Decline" pengine hupakwa rangi ya kijivu ili kionekane kimekufa, ilhali ukikibofya kinafanya kazi, na kukataa ofa hiyo kwa kawaida hakuizuii programu uliyoitaka.

Ikiwa mzigo umekwisha kuingia, fungua orodha ya programu katika mipangilio ya Windows, uipange kwa tarehe ya kusakinishwa, kisha uondoe zile usizozijua zilizoingia siku ile ile tatizo lilipoanza. Kama jina linakutatiza, litafute kwanza, usije ukaondoa dereva ya printa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa. Baada ya hapo nenda kwenye kivinjari, ufute viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) usivyovitambua, urudishe ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafuta uliouzoea, na ufute ruhusa za arifa ulizozipa tovuti usizozijua.

Ukurasa mgeni ukiendelea kufunguka, kagua njia ya mkato ya kivinjari, yaani ikoni unayoibofya kukifungua: bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ikoni yake, chagua "Properties", kisha utazame kisanduku cha "Target". Ikiwa baada ya jina la kivinjari, kwa mfano chrome.exe, imebandikwa anwani ya tovuti, ifute anwani hiyo peke yake na uhifadhi. Wengi huruka hatua hii, wakadhani kompyuta nzima imeharibika. Yatakayosalia yasafishe kwa AdwCleaner, programu ya bure ya kampuni ya Malwarebytes ya kuondolea programu za matangazo, halafu katika Windows Security, programu ya usalama iliyomo ndani ya Windows, uwashe kizuizi cha programu zisizotakiwa kilichomo chini ya "App & browser control".