Presha ya Macho Si Presha ya Damu: Kwa Aliye Ughaibuni Anayempeleka Mzee Kupimwa

Mara ya kwanza nilipomfanyia baba mkwe ukalimani kwenye kliniki ya macho hapa Uingereza, niliharibu kazi. Daktari alisema mzee ana glakoma, aweke tone moja kila jicho kila usiku. Nikafasiri kama tunavyosema nyumbani: "Baba, una presha ya macho." Mzee akaitikia, akashukuru, tukarudi. Miezi minne baadaye nikaikuta chupa kwenye droo, haijafunguliwa. Nilipomuuliza akaniangalia kama naulizia jambo lililo wazi: "Mwanangu, dawa ya presha si ninameza kila asubuhi?"

Basi tuanzie hapo. Presha ya damu na presha ya macho ni magonjwa mawili, na vidonge vya lile si tiba ya hili. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote, wala si machozi. Njia ya kutokea ikibana, presha hupanda, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo huanza kufa kidogo kidogo. Kwa aina iliyo ya kawaida kwetu, hakuna maumivu yoyote. Kinachopotea kwanza ni pembeni, ndiyo maana mtu anaendelea kusoma gazeti na kujiona mzima, huku akiangusha kikombe kwa kiwiko, akikosea ngazi, akipishana na jirani mlangoni bila salamu mpaka watu wakasema siku hizi anaringa. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matibabu ni ya kulinda kilichobaki.

Sisi wenye asili ya Afrika huipata zaidi, tena mapema, na hufuata ukoo. Baada ya mzee, mke wangu na ndugu zake walikwenda kupimwa. Shemeji yangu mmoja, miaka 43, dereva wa kila siku, asiye na dalili hata moja, akakutwa nayo. Kwa walio England, ukiwa umefika miaka 40 na mzazi, ndugu au mtoto wako ana glakoma, kipimo cha macho ni bure. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari na kwa aliyefika miaka 60. Scotland kipimo cha NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ni bure kwa kila mkazi. Marekani, Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, hulipia kipimo cha glakoma kila miezi 12 kwa walio hatarini, wakiwemo Wamarekani weusi kuanzia miaka 50. Huko huko Marekani kumbuka kwamba bima ya miwani na bima ya afya kwa kawaida ni vitu viwili: ugonjwa wa jicho huangukia bima ya afya. Na ukiwa dereva Uingereza na una glakoma macho yote mawili, unatakiwa kuwaarifu DVLA, mamlaka ya leseni za udereva. Watu huogopa kunyang'anywa leseni wakanyamaza, ilhali wengi hupimwa na kuendelea kuendesha.

Hapa Uingereza safari huanzia duka la miwani. Wengi wetu tunalidharau kwa sababu ni duka, lakini mpima macho wa pale amesomea kutambua magonjwa, na ndiye atakayekuandikia rufaa ya hospitali.

Mwandalie mzee picha ya kitakachotokea, maana woga mwingi unatokana na kutojua. Kuna mashine inayopuliza hewa jichoni, anashtuka, imekwisha. Hospitalini huwekwa dawa ya ganzi na rangi ya manjano, kisha kichwa kidogo cha mashine chenye mwanga wa bluu kinagusa jicho bila kuuma. Namba ya kawaida ni kati ya 10 na 21, ila namba nzuri haimalizi kesi: wapo wenye glakoma na presha ya kawaida, na konea (kile kioo cha mbele ya jicho) nyembamba, ambayo wengi wetu tunayo, huifanya mashine isome chini. Ndiyo sababu hupimwa pia unene wa konea, hupigwa picha ya neva, na kuna kipimo cha kubonyeza kitufe kila unapoona kinukta cha mwanga. Hiki cha kitufe ndicho wazee wetu hukishindwa, si kwa kutoona bali kwa kudhani ni mtihani. Mwambie kabla: vinukta vingine havionekani na mtu yeyote, asikimbizane navyo, akodoe katikati tu. Mwisho huenda akawekewa matone ya kupanua mboni. Ataona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiende anaendesha gari.

Omba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi. NHS hutoa bila malipo. Nasema hivi nikijua niliyoyafanya. Na mtoto wa darasa la tano asibebeshwe kazi hiyo.

Dawa ya tone ina adabu zake. Vuta kope la chini, dondosha tone moja, funga jicho bila kukaza, kisha bana kwa kidole pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie kooni. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika 5. Latanoprosti, ambayo hutolewa sana, huweza kurefusha kope; bibi mmoja tunayesali naye aliulizwa kama amebandika. Timololi, tone jingine la glakoma, si ya mwenye pumu, na wazee husahau kuitaja pumu kwa sababu "ilikuwa zamani". Siku hizi pia kuna leza, ambayo Uingereza mara nyingi hutangulizwa kabla ya matone, na upasuaji pale vingine vinaposhindwa.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine, na ni nyepesi zaidi: lenzi imeingia ukungu, inatolewa, inawekwa ya bandia, kwa ganzi ya jicho tu, na mtu hulala kwake siku hiyo hiyo. Ile kauli ya "subiri ukomae" imepitwa na wakati. Ukungu huo ukimzuia mzee kuishi anavyotaka, wakati wa upasuaji umefika.

Mwenye kisukari apigwe picha ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, kila anapoitwa, hata kama anaona vizuri kabisa. Barua hizo za NHS zinafanana na matangazo na huishia kwenye pipa. Fungua.

Mambo haya hayangoji miadi, nenda siku hiyo hiyo: miale kama radi jichoni, vidoa vyeusi vingi vya ghafla kama inzi wanaoruka, kivuli kama pazia, au jicho jekundu linalouma sana pamoja na kutapika. Wenzetu wa kazi za usafi: dawa ikikurukia, osha jicho kwa maji ya bomba dakika 20 kwanza, simu baadaye.

Na zile chupa za matone zinazoletwa kwenye mabegi kutoka nyumbani, za "macho mekundu"? Soma kibandiko. Ukiona deksamethasoni au betamethasoni, hiyo ni steroidi. Ikitumiwa kiholela huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Masika ya Ulaya yakija na chavua zake, muulize mfamasia matone ya mzio, ni rahisi kuyapata.

Mzee akisafiri kwenda likizo nyumbani, dawa ikae kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari yenye namba zake za presha. Akihitaji kuonwa huko, kuna hospitali ya KCMC Moshi, ya CCBRT Dar es Salaam, au hospitali ya macho ya Kikuyu kwa walio karibu na Nairobi. Chupa nyingi za latanoprosti hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa hata kama zimebaki nusu, kwa hiyo sisi tunamfungashia mbili na kuandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito. Siku hizi anaziita "dawa ya neva", jina alilolichagua mwenyewe, na anaiweka baada ya sala ya Isha, kabla hajavua kofia.